Managu ya Ukingoni: Ndugu wa Porini wa Mboga za Kienyeji

Fungu la managu linalouzwa jioni kwenye vibanda vya Tuwan linaweza kuwa na mimea miwili au mitatu isiyo ya aina moja. Mnunuzi huyaita yote managu, na muuzaji hana sababu ya kumsahihisha. Lakini akitokea mtaalamu wa mimea akayatandaza majani hayo mezani, atayatenga. Yale mapana na laini, yanayojaza sufuria haraka, mara nyingi ni ya Solanum scabrum, mmea ambao matunda yake huiva yakawa ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Yale madogo zaidi, ya mmea wenye matunda ya rangi ya chungwa, ni ya Solanum villosum. Na yale membamba na machungu, ambayo hakuna aliyeyapanda, yaliyochumwa kati ya mistari ya mahindi, huenda ni ya mmea wa tatu au wa nne ambao umekuwa ukijiotea tu ukingoni mwa shamba.

Somo hili linahusu huo mmea wa ukingoni na wenzake. Kila mwaka unapaliliwa, unanyunyiziwa dawa, au unamwagiwa zege juu yake, na hakuna anayeona kwamba kuna kitu kimepungua.

Tofauti kati ya mimea hii si ya sura tu. Ndani ya chembe hai za kila mmea mna nyuzi ndogo sana zinazobeba vinasaba, yaani maagizo ya urithi yanayoamua jani liwe pana au jembamba, mmea uvumilie kiangazi au unyauke, wadudu waupende au wauepuke. Nyuzi hizo huitwa kromosomu. Managu madogo ya porini yaitwayo Solanum americanum yana kromosomu 24. Solanum villosum ina 48. Solanum scabrum, yale ya majani mapana, ina 72. Mimea yenye hesabu tofauti ikichavushana, mara nyingi mbegu haipatikani, au ikipatikana huzaa mmea tasa. Maana yake ni kwamba aina moja ikitoweka, nyingine haiwezi kuziba pengo lake kwa urahisi, hata kama sokoni zote zina jina moja na bei moja.

Mahali mbegu zilipokutana

Trans Nzoia hujulikana kwa mahindi, na ni rahisi kusahau kwamba kaunti hii ni tajiri wa mboga pia. Wasabaot na jamii nyingine za Wakalenjin walikuwa hapa kabla ya walowezi wa Kizungu kugawiwa ardhi. Uhuru ulipokaribia na baada ya mwaka 1963, mashamba makubwa yalipogawanywa, familia ziliingia kutoka Bungoma, Kakamega, Vihiga, Kisii, Nyanza na Mkoa wa Kati. Mkulima hahami bila mbegu. Kwa hiyo mtaa kama Tuwan, ambako majirani wa ukuta mmoja wanatoka pembe tofauti za nchi, ulipokea pia mboga zilizochaguliwa na akina mama wa pembe hizo kwa vizazi vingi, kila moja kwa udongo wake na kwa ladha ya watu wake.

Majina yanaonyesha hivyo. Saga ni chisaka kwa Wabukusu, chinsaga kwa Abagusii, dek kwa Wajaluo na isagek kwa Wakalenjin. Managu, jina lililoenea kutoka kwa Wakikuyu, ni namasaka kwa Wabukusu, rinagu kwa Abagusii na osuga kwa Wajaluo. Mrenda huitwa murere na Wabukusu. Mitoo huitwa kimiro. Ni kosa kudhani kwamba haya ni majina tofauti ya kitu kile kile. Kuna saga ya shina la kijani na saga ya shina la zambarau. Kuna mitoo ya majani ya kijani kibichi isiyo chungu, na kuna mitoo ya majani yenye rangi inayoelekea samawati, ambayo ni chungu na ndiyo wazee wengi huitaka. Hizo mbili za mwisho si ndugu wa tumbo moja hata kidogo: ya kwanza ni Crotalaria ochroleuca na ya pili ni Crotalaria brevidens.

Utofauti huu uliomo ndani ya mbegu ndio wataalamu huuita uanuwai wa vinasaba. Kwa mpishi ni jambo la ladha, ila kwa mkulima ni akiba ya siku mbaya.

Ndugu wa porini ni nani

Kila zao linaloliwa leo lilitokana na mmea wa porini ambao watu waliuchuma, wakaupenda, wakahifadhi mbegu ya ule uliokuwa bora, wakaipanda tena. Katika kuchagua huko walipata majani makubwa zaidi na uchungu uliopungua. Walipoteza pia vitu fulani, bila kujua. Mmea uliobaki porini haukuchaguliwa na mtu. Ulichaguliwa na ukame, fangasi, funza na mbuzi, na ule ulioshindwa haukuacha mbegu. Ndiyo sababu mmea wa porini huwa mdogo, mchungu na mgumu, na ndiyo sababu pia huwa na kinga ambazo ndugu yake wa bustanini ameshazisahau.

Mfano ulio karibu zaidi ni ndulele, ambao Wakalenjin huuita labotwet: kile kichaka chenye miiba na matunda ya manjano ambacho ng'ombe hukiacha malishoni. Huyu ni ndugu wa biringanya. Matunda yake yana sumu na hayafai kuliwa, lakini huko Valencia, Uhispania, watafiti wamezalisha biringanya pamoja na Solanum incanum, mmojawapo wa mimea inayoitwa ndulele, wakitafuta uwezo wa kuvumilia ukame ambao biringanya ya kawaida haina. Kichaka kinachong'olewa Kwanza na Endebess kama kero kinatunzwa huko kama mzazi.

Kunde nayo ina ndugu wa porini, na hawa wawili bado wanazungumza. Katika pwani ya Kenya watafiti walifunga vifaa vidogo vya redio kwenye migongo ya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ili kujua wanafika wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba nyuki mmoja anaweza kusafiri hadi kilomita 6 kutafuta maua. Kwa hiyo kunde ya shambani na kunde ya vichakani zinaweza kubadilishana chavua hata kama wenye mashamba hawajawahi kuonana. Nyuki huyo akikosa mti mkavu wa kutoboa, mazungumzo hayo yanapungua.

Kwa saga, mkaazi hahitaji maabara ili kujua kwamba mmea huu una kitu cha ziada. Aichume tu na kunusa mikono yake. Harufu hiyo kali ni silaha. Utafiti uliofanywa hapa Kenya umeonyesha kwamba majani ya saga hufukuza kupe, na kwamba saga ikipandwa kati ya mawaridi hupunguza utitiri mwekundu unaosumbua mashamba ya maua. Si kila saga hunuka sawasawa. Mtu anayetaka kutengeneza dawa ya kupe kutokana na mmea huu, au mboga yenye harufu ya upole kwa walaji wa mjini, atahitaji saga nyingi tofauti za kuchagulia, zikiwemo zile za kando ya njia.

Muhogo uliookolewa na mti wa mpira

Wakaazi wanaouliza kama ndugu wa porini amewahi kumsaidia mtu yeyote Afrika Mashariki wanaweza kujibiwa kwa kisamvu na mihogo.

Ugonjwa wa batobato la mihogo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Majani hujikunja na kupata madoa ya manjano, mizizi hubaki myembamba kama vidole, na nzi weupe hupeleka virusi kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Katika miaka ya 1930, wanasayansi katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, walitafuta muhogo usiougua. Walijaribu mihogo mingi na hakuna uliowatosheleza. Ndipo H. H. Storey na R. F. W. Nichols walipogeukia mti ambao hakuna mtu aliyeula: mpira wa Ceará, mti wa utomvu ulioletwa kutoka Brazili kwa ajili ya biashara ya mpira. Kwa jina la kisayansi ni Manihot glaziovii. Muhogo ni Manihot esculenta. Jina la ukoo ni moja.

Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo hawakufaa jikoni. Walirefuka kama miti na mizizi yao haikuwa na unga wa maana. Wanasayansi waliwarudisha kwa muhogo, wakachagua, wakarudisha tena, kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mmea wenye mizizi ya muhogo na kinga ya mti wa mpira. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, ambako zilitoa mmea ulioandikwa kwa namba 58308, na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoko Ibadan, iliutumia kuzalisha mihogo mingine.

Halafu kukaja janga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali zaidi ililipuka Uganda, na katika miaka ya 1990 ilivuka mpaka ikaingia magharibi mwa Kenya. Familia zilizotegemea mihogo kama akiba ya njaa zilichimba zikakuta nyuzi. Miongoni mwa mihogo iliyostahimili na kusambazwa kwa wakulima wa Uganda ilikuwa TMS 30572, iliyopewa huko jina la Migyera, na damu ya Amani ilikuwa ndani yake. Kinga iliyotafutwa Usambara ilizunguka Afrika Magharibi kwa miongo, kisha ikarudi nyumbani siku ilipohitajika.

Kuna jambo moja la kuangaliwa katika kisa hiki. Mwaka 1930 hakuna mkulima ambaye angeweza kueleza kwa nini mti wa mpira wa Ceará utunzwe kwa ajili ya mihogo. Faida yake haikuonekana kwa macho. Mti ulikuwapo tu, na kwa kuwa ulikuwapo, ulipatikana.

Kitale na mbegu ya Ekuado

Kitale yenyewe ina kisa chake, ingawa si cha mboga wala cha mmea wa porini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa mahindi wa hapa waliona kwamba mahindi waliyokuwa nayo yamefika mwisho wa uwezo wake. Yote yalikuwa yanafanana mno. Mwenzao mmoja alisafiri Amerika ya Kati na Kusini kutafuta mbegu za wakulima wa kawaida wa huko. Kati ya alizokuja nazo ilikuwamo moja kutoka nyanda za juu za Ekuado, iliyoandikwa Ekuado 573. Ilipozalishwa na mahindi ya Kitale, mavuno yaliruka, na mwaka 1964 mbegu hiyo chotara ilitolewa kwa jina la H611. Sehemu kubwa ya sifa ya Trans Nzoia kama ghala la taifa imesimama juu ya mbegu ambayo mkulima fulani wa milimani, asiyejulikana jina, hakuitupa.

Wakulima wa pasheni wa kaunti hii nao wanajua thamani ya ndugu. Pasheni ya zambarau hufa kwa ugonjwa wa mnyauko unaotoka ardhini, kwa hiyo miche yake hupandikizwa juu ya shina la pasheni ya manjano, ambayo mizizi yake huhimili. Hapo vinasaba havichanganyiki, kwani ni kazi ya kisu na utepe. Lakini pasheni ya manjano isingekuwapo, kisu kingekuwa na kazi gani?

Kinachopotea

Kupotea kwa mmea wa ukingoni hakuna kishindo. Sehemu kubwa ya dawa za magugu zinazotumiwa kwenye mahindi zimetengenezwa ziue mimea isiyo ya jamii ya nyasi na kuyaacha mahindi yamesimama. Managu, saga, mrenda, mchicha na mitoo zote si nyasi. Zamani palizi ya jembe ilikuwa na huruma: mwenye jembe aliona managu akayaacha kwa ajili ya mboga ya jioni, na yaliyobaki yakamwaga mbegu. Bomba la dawa halioni. Kwa miaka michache ya kwanza mimea huendelea kuchipuka, kwa sababu mbegu zake nyingi huwa zimelala udongoni zikisubiri. Kila msimu akiba hiyo ya udongoni hupungua, na mkulima huona kitu kimebadilika pale tu inapokuwa imekwisha.

Katika mitaa ya mji sababu ni nyingine. Viwanja vilivyokuwa wazi vimejengwa, mifereji imesakafiwa, na kipande kilichokuwa kikitoa mrenda wa bure baada ya mvua ya Aprili sasa ni vyumba vya kupanga. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Watu wanahitaji nyumba.

Sababu ya tatu inaleta ubishi kidogo. Tangu mboga za kienyeji zipate heshima, zikaingia hadi kwenye maduka makubwa ya Nairobi, mkulima anayelimia soko hutaka mbegu ya pakiti: majani mapana, kuota kwa pamoja, kuchuma kwa wiki nyingi. Mbegu hizo ni nzuri na hakuna anayeshauriwa kuziacha. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa hapa Kitale mwaka 1956, imekuwa ikisaidia kaunti hii kwa miaka mingi, na kituo cha kimataifa cha mboga kilichoko Arusha, Tanzania, kimetoa managu bora kama Nduruma na Olevolosi yanayopendwa na wakulima. Lakini kila mmoja akipanda pakiti ile ile na hakuna anayehifadhi nyingine, kaunti nzima inakuwa imeweka mayai yote kwenye kapu moja. Ugonjwa ukipata njia ya kuingia mmea mmoja, umepata njia ya kuingia yote. Waayalandi waliliona hilo kuanzia mwaka 1845, walipokuwa wakitegemea mno viazi vya aina moja, na ukungu ukaviozesha mashambani. Watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi.

Jokofu na kichaka

Kuna njia mbili za kuhifadhi, na kila moja ina upungufu wake.

Ya kwanza ni benki ya mbegu. Kenya inayo yake huko Muguga, Kaunti ya Kiambu. Ilianzishwa mwaka 1988, na leo iko chini ya taasisi ya rasilimali za kijenetiki ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Mbegu husafishwa, hukaushwa mpaka unyevu ubaki kidogo sana, hufungwa zisipitishe hewa, kisha huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Zikiwa hivyo mbegu za mboga nyingi hukaa hai kwa miongo. Kenya ilikuwa pia mojawapo ya nchi 25 zilizoshiriki katika mradi mkubwa wa kimataifa wa kukusanya ndugu wa porini wa mazao, uliogharamiwa na serikali ya Norwe. Ripoti yake ya mwaka 2019 ilieleza kwamba sampuli 4,644 za mbegu zilikusanywa, za mimea ya porini 371. Wakusanyaji walipanda milima na kuvuka mito kwa ajili ya mbegu ambazo nyingine ni ndogo kuliko chembe ya mchanga.

Upungufu wa jokofu ni kwamba mbegu iliyolala haijifunzi. Hali ya hewa inabadilika, wadudu wapya wanaingia, na yenyewe imebaki na maarifa ya mwaka ilipofungwa.

Njia ya pili ni kuuacha mmea uishi mahali pake. Hapo unaendelea kuchujwa na jua, maradhi na wadudu wa leo. Trans Nzoia ina maeneo ya aina hiyo: Mbuga ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, Mbuga ya Saiwa, iliyotangazwa mwaka 1974, ambayo ni ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini na hujulikana kwa nzohe wake, msitu wa asili wa makumbusho ya Kitale, kingo za misitu ya Cherangany na za mito. Lakini mbuga hizo zilitengwa kwa ajili ya wanyama na miti, wala si kwa ajili ya managu. Ndugu wengi wa mboga hawapendi msitu mzito. Hupenda ardhi iliyochimbuliwa, boma la zamani la ng'ombe, kando ya njia, kando ya reli, pembe ya shamba. Yaani hupenda kuishi karibu na watu, mahali ambapo hakuna sheria ya uhifadhi inayofika. Hatima yao iko mikononi mwa mwenye jembe.

Sheria inasemaje

Wakaazi wengi wamekuwa na hofu ya kubadilishana mbegu, na haikuwa hofu ya bure. Marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yaliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Kundi la wakulima wadogo lilikwenda kortini, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kugawana mbegu zao vilikuwa kinyume cha Katiba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji, sifa zake mbalimbali, na matumizi yake na jamii za Kenya. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kufunga mbegu za nyumbani kwenye pakiti na kuziuza kama mbegu zilizothibitishwa. Wala halimruhusu mtu kuchukua mimea ndani ya mbuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mbegu za nyumbani

Mwenye nafasi ndogo, hata kama ni magunia matano ya udongo nyuma ya nyumba, anaweza kutunza mbegu. Jambo la kwanza ni wingi. Mtu akichota mkono mmoja kwenye gorogoro la maharagwe mchanganyiko, atapata rangi zilizo nyingi, na ile punje adimu ya manjano ataiacha ndani ya gorogoro. Akipanda alichochota tu, msimu ujao rangi hiyo haipo. Mbegu ya mboga inayochumwa kwenye mmea mmoja mzuri ni kama mkono huo mmoja. Inafaa kuchukua kidogo kidogo kwenye mimea mingi, 30 hadi 50 ikiwezekana, mirefu kwa mifupi. Asiye na mimea mingi achanganye na jirani. Kwa mmea wa kujiotea, kanuni ya wakusanyaji ni kutochukua zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mbegu zilizokomaa, ili mahali hapo pasibaki patupu.

Managu huachwa mpaka matunda yaive kabisa na kulainika. Hupondwa ndani ya maji, mbegu nzuri huzama, maganda na nyama huelea na kumwagwa. Mbegu huoshwa mara mbili tatu na kuanikwa kivulini juu ya karatasi au kitambaa. Watoto waonywe: matunda mabichi ya kijani yana sumu, na ya ndulele hayaliwi hata yakiiva.

Mrenda una ganda gumu, na wengi wanaolalamika kwamba mbegu yao imekufa wana mbegu iliyolala tu. Hufungwa kwenye kitambaa, hutumbukizwa kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka kwa muda wa kuhesabu moja hadi kumi, hutolewa, hupoozwa, hupandwa.

Kila chupa iandikwe: jina la mboga kwa lugha ya aliyeitoa, mahali ilipochumwa, mwezi na mwaka. Jina la kienyeji ndilo litakalomwezesha mtaalamu kujua ni saga ipi. Mkaazi aliye na mbegu ambayo haionekani tena kwa majirani, hasa wazee waliokuja na mbegu kutoka kwao, anaombwa amweleze afisa wa kilimo wa wadi yake, ili sampuli iweze kufikishwa kwa wahifadhi kabla mbegu haijazeeka.

Saga ndiyo inayohitaji subira. Vikonyo vyake huchumwa vikianza kugeuka manjano, kabla havijapasuka na kumwaga mbegu chini. Mbegu mbichi ya saga huota vibaya, na wengi huitupa hapo. Hukaa miezi kadhaa mahali pakavu ndipo iamke vizuri. Itakayochumwa kufikia Oktoba ikitunzwa kwenye chupa iliyofungwa, mbali na jiko, itakuwa tayari kwa mvua za Machi.